Jeraha Lisilo na Alama: Jinsi Mahakama Inavyomkinga Anayeteswa kwa Maneno

Mwanamke akifika kituo cha polisi na jicho lililovimba, hatua zinajulikana: ataandikwa kwenye kitabu cha matukio (OB), atapewa fomu ya P3 ya kujazwa na daktari, atatumwa hospitali. Akifika mwingine na kueleza kwamba mumewe hajamgusa hata kwa kidole, ila kila usiku humwita mjinga mbele ya watoto, humkagulia simu na kuapa kuwa akithubutu kuondoka atamwaibisha mtaa mzima, mara nyingi ataulizwa alama iko wapi. Akikosa ya kuonyesha, atashauriwa arudi nyumbani wakazungumze na wazee.

Sheria ya Kenya haidai alama. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani, iliyoanza kutumika mwaka 2015, imeyaweka mateso ya kisaikolojia katika orodha moja na kipigo, ukatili wa kingono, ukeketaji na mtu kubanwa kiuchumi. Inayaeleza kuwa ni mwenendo wa kudhalilisha au kufedhehesha: matusi ya mara kwa mara, kejeli, kupachikwa majina, vitisho vya kumuumiza mtu moyo. Kumvizia mtu, kumsumbua na kumtia hofu pia kumetajwa.

Ndani ya sheria hiyo kuna kipengele ambacho kila anayeteswa angepaswa kukijua. Vitendo ambavyo kimoja kimoja vingeonekana vidogo vinaweza kuhesabiwa kuwa unyanyasaji vikitazamwa kwa pamoja. Tusi la leo, mlango uliofungwa kwa ndani jana, simu arobaini za juzi kazini: hakimu ana ruhusa ya kuvisoma kama mwenendo mmoja. Hata mtoto anayeachwa aone au asikie mzazi wake akinyanyaswa, kisheria naye amenyanyaswa.

Kinga yenyewe inaitwa amri ya ulinzi. Anaweza kuiomba mume au mke, aliyeachika, mchumba, wanaoishi nyumba moja, waliozaa pamoja, na ndugu wa familia. Wanaume wanaruhusiwa sawa na wanawake. Anayesumbuliwa mitandaoni na mtu asiye wa nyumbani ana mlango mwingine: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 inamruhusu kuomba mahakama imzuie msumbufu huyo.

Ombi hupelekwa katika mahakama ya hakimu, likiambatana na hati ya kiapo inayosimulia yaliyotokea. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa kuwa huandika kwamba "ananitesa sana" wakaishia hapo. Hakimu anahitaji siku, mahali, maneno yaliyotamkwa na waliosikia. Chukua mfano wa mwalimu anayefuatwa na mume waliyetengana. Akiandika kwamba Jumatatu fulani mume alisimama langoni mwa shule hadi saa kumi jioni, kwamba usiku wake alituma ujumbe wa kumtisha, na kwamba mlinzi wa shule alimwona, kiapo chake kitakuwa na uzito.

Kwa hiyo daftari dogo ni silaha. Mtu aandike kila tukio siku ileile, ahifadhi daftari hilo mahali ambapo mtesi hafiki, hata kwa dada au rafiki. Ujumbe wa simu usifutwe, na simu yenyewe isiuzwe wala kubadilishwa, kwa sababu Sheria ya Ushahidi hutaka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyopatikana. Namba ya OB, barua ya mshauri nasaha na maelezo ya daktari aliyemtibu kwa kukosa usingizi au msongo wa mawazo vyote vinasaidia. Kipimo cha uthibitisho ni kile cha kesi za madai: mahakama huuliza ni upande gani una uzito zaidi, wala haihitaji uhakika usioacha shaka kama katika kesi ya jinai.

Hatari ikiwa karibu, hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla mlalamikiwa hajasikilizwa. Baadaye pande zote mbili huitwa, na mlalamikiwa hupata nafasi ya kujitetea.

Amri inaweza kumkataza mtesi kumpigia simu mwombaji, kumfuata, kuzurura karibu na nyumba au kazi yake, au kumtuma mtu mwingine amsumbue kwa niaba yake. Inaweza pia kumpa mwombaji haki ya kubaki nyumbani na kumtoa mtesi, hata kama nyumba ni ya mtesi. Jambo hili ni zito katika jamii ambako mke anayelalamika huambiwa achukue nguo zake aende kwao. Anayekaidi amri ametenda kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili.

Wapo wanaosema maneno hayaui. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyetoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake katika kaunti ya Trans Nzoia. Alifariki siku chache baadaye hospitalini Eldoret. Baba yake alieleza kwamba mwanamume aliyekuwa akimvizia na kumtishia binti yake alikuwa amesharipotiwa polisi. Vitisho vilitangulia moto.

Kisa hicho kinaonyesha pia mpaka wa karatasi, iwe ripoti ya polisi au amri ya mahakama. Amri isiyofuatiliwa haimzuii mtu aliyekusudia kuua. Aliyeipata apeleke nakala kituo cha polisi cha karibu, awajulishe mwajiri, walimu wa watoto na jirani anayemwamini, na kila ukiukaji auripoti hata ukiwa simu moja tu. Polisi nao wana wajibu wa kisheria wa kumweleza mlalamishi njia zote za kinga zilizopo na kumsaidia kupata hifadhi na matibabu.

Nchi jirani hazifanani. Uganda ina sheria ya mwaka 2010 inayotambua mateso ya kihisia na kuruhusu amri ya ulinzi. Tanzania haina sheria mahususi ya unyanyasaji wa nyumbani, ingawa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kumzuia mtu kumbughudhi mwenzi wake wakati shauri la ndoa likiendelea au baada ya talaka. Mwanamke wa Tanga anayetaka kinga bila kudai talaka ana njia nyembamba kuliko mwenzake wa Kwale, na Bunge la Tanzania lina wajibu wa kuipanua.

Kwa aliye Kenya, namba ya bure 1195 hupokea simu za manusura wa ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto. FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake, huwasaidia wanawake wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Ukisoma haya na kujitambua, anza leo kuandika tarehe na maneno uliyoambiwa. Usisubiri kipigo ndipo uende mahakamani.