Pumu: Kuomba na Kutumia Dawa

Juma hili twasimamisha kidogo mfululizo wa mafundisho yetu ili tujibu barua ya mama mmoja mwenye mtoto wa miaka 9. Mtoto huyo ana pumu. Daktari amempa inhela mbili: moja ya kutumia anapobanwa, na nyingine ya kutumia kila siku asubuhi na jioni, hata akiwa mzima. Sasa mtoto ameombewa, na kwa miezi 2 kifua hakijambana. Wenzake wa kikundi cha maombi wamwambia mama kwamba kuendelea kumpa dawa ya kila siku ni kukosa imani. Mama auliza: niiache?

Jambo hili halifai kungoja mwisho wa kipindi. Mama mpendwa, usiiache. Sasa tueleze sababu.

Tunapovuta pumzi, hewa hupita kooni na kuingia katika mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, midogo na midogo zaidi, hadi ndani kabisa ya mapafu. Kwa mwenye pumu, utando wa ndani wa mirija hiyo umevimba na huchokozeka upesi. Ukikutana na moshi, vumbi, mafua au hewa ya baridi, mambo matatu hutokea pamoja: misuli inayoizunguka mirija hujikaza, uvimbe huongezeka, na ute mzito huziba nafasi ndogo iliyosalia. Hapo ndipo kifua hupiga mluzi. Wengi hudhani taabu ya mgonjwa ni kuvuta hewa tu, lakini mara nyingi taabu kubwa zaidi ni kuitoa.

Basi shambulio likipita, mtoto hucheza na kula, nasi twasema amepona. Lakini akina mama wanaopikia kuni wajua jambo hili vizuri: asubuhi wafika jikoni, jiko limetulia, majivu ni meupe, nao wakipekua kidogo wakuta kaa lingali jekundu. Ndivyo ulivyo uvimbe ule. Waweza kukaa kimya kwa majuma mengi, kisha mafua madogo yakaupulizia.

Inhela mbili zile hazifanyi kazi moja. Ile ya kufungua, ambayo mara nyingi ni ya buluu, hulegeza misuli kwa muda wa saa chache, lakini haigusi uvimbe. Ile ya kila siku, ambayo ni dawa ya kuzuia, hutuliza uvimbe polepole, siku baada ya siku. Mgonjwa haoni mara moja kwamba imemsaidia, na kwa sababu hiyo watu huitupa na kuipenda ile ya buluu. Tabia hiyo ni ya hatari. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa pumu wa kimataifa, liitwalo GINA, liliacha kushauri kwamba vijana na watu wazima watibiwe kwa dawa ya kufungua peke yake. Mwaka huohuo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu 455,000 walikufa kwa pumu, wengi wao katika nchi zisizo na mali nyingi, ambako ugonjwa hautambuliwi wala kutibiwa ipasavyo.

Wengine huogopa kwamba mtoto akiizoea inhela hataweza kuiacha. Dawa hii haileti uraibu. Kipimo chake ni kidogo kuliko cha vidonge kwa kuwa huenda moja kwa moja penye uvimbe. Asukutue tu mdomo kwa maji na kuyatema baada ya kuivuta, asipate utando mweupe ulimini. Tena mtoto akikaa vizuri kwa miezi 3 hivi, daktari mwenyewe huweza kupunguza kipimo. Miezi 2 ya mtoto wako, mama, ni habari njema ya kumpelekea daktari.

Na imani je? Tumtazame mfalme Hezekia, katika 2 Wafalme sura ya 20. Aliugua karibu ya kufa, akaomba kwa machozi, naye Bwana akamwahidi miaka 15 zaidi. Ahadi ilikwisha kutolewa. Hata hivyo Isaya aliagiza tini ziletwe, zikawekwa juu ya jipu. Hatusomi kwamba Hezekia alizikataa ili kuonyesha imani, wala kwamba Isaya aliona haya kuziagiza baada ya maombi kujibiwa. Sisi twaamini kwamba Mungu huponya, nasi tutaendelea kumwombea mtoto huyu. Lakini mwenye kumwambia mzazi atupe dawa hatakuwapo saa nane ya usiku, mtoto anapotafuta pumzi.

Sasa matumizi, maana inhela ikishikwa vibaya dawa nyingi huishia kinywani. Mtoto atumie chombo cha kupitishia dawa. Kama hakipatikani, chupa ya plastiki ya nusu lita yafaa: madaktari wa Cape Town waliijaribu kwa watoto waliobanwa na kutangaza matokeo mwaka 1999, nayo ilifanya kazi sawa na chombo cha kununuliwa. Hutobolewa kitakoni kwa waya wa moto, tundu liwe na umbo la mdomo wa inhela, kisha pakazibwa kwa gundi pasivuje. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, na mtoto avute na kutoa pumzi taratibu mara 5 hivi kwenye mdomo wa chupa.

Kanisani nako tuangalie. Mwenye zamu ya kufagia anyunyize maji kwanza. Katika kesha, dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe karibu na wagonjwa. Mwalimu wa shule ya Jumapili ajue inhela ya mtoto iko wapi, wala asimcheke anapoitoa.

Mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, nyama za katikati ya mbavu zikididimia, midomo ikibadilika rangi, au mluzi ukinyamaza naye angali anahangaika, tafuteni gari wakati huohuo. Aketi wima, asilazwe. Apewe ile ya buluu, mbonyezo mmoja kila nusu dakika au dakika moja, hadi 10, huku safari ya hospitali ikianza. Wanaobaki nyumbani waombe, na anayeshika chupa aombe akiwa ameishika.