Kabla ya Penseli, Mchanga

Masika yakiisha, makorongo yanayoshuka kutoka Mlima Meru huacha mchanga mweusi kandokando ya barabara za Arusha. Mtu mzima huuona kama uchafu wa kufagia au mali ya kupakia kwenye lori. Mtoto huchuchumaa na kuanza kupika. Wazazi wengi mjini, wakishaweka pevingi uani, humtoa mtoto kwenye mchanga huo na kumpa daftari. Kwa maoni yangu, kwa mtoto wa miaka 3 au 4 hiyo ni hasara kubwa.

Nianze na mkono wenyewe. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa, yote kwa kawaida bado ni gegedu, haionekani hata kwenye eksirei. Hugeuka mfupa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho huanza kukomaa mtoto akiwa tayari shule ya msingi. Mtoto mdogo akilazimishwa kujaza kurasa za a, e, i, o, u, hushika penseli kwa kiganja kizima, huikandamiza mpaka karatasi itoboke, kisha hununa. Si mvivu. Mkono wake unahitaji kwanza kuchota, kuminya, kufinyanga na kuchimba kwa vidole, na mchanga humpa kazi hizo zote bila kumwekea mstari wa kufuata.

Mtazame akioka keki kwa kifuniko cha soda. Mchanga mkavu unamwagika tu. Anatia maji kidogo, keki inasimama, kwa sababu utando mwembamba wa maji kati ya punje huzivuta pamoja. Anazidisha maji, inakuwa uji. Anarudia. Mchanga wetu wa volkano unamsaidia, maana punje zake nyingi bado zina kona na hung'ang'aniana. Hapo anakisia, anajaribu na kurekebisha, wala hakuna aliyemwagiza.

Kumimina nako ni somo. Jean Piaget, mtafiti wa Uswisi, alionyesha kwamba watoto walio chini ya miaka 7 hivi huamini kuwa chombo kirefu chembamba kina kitu kingi zaidi, hata kama wameona kikijazwa kwa kilichokuwa kwenye chombo kipana. Kumweleza hakusaidii sana. Mwache ahamishe mwenyewe, kutoka chupa hadi sahani na kurudi, mara nyingi apendavyo.

Tatizo la mtoto wa mjini asiye na mahali pa kuchimba si geni. Mwaka 1885 huko Boston, Marekani, watoto wa mtaa uliosongamana walimwagiwa lundo la mchanga kwa kuiga malundo kama hayo ya Berlin, na historia ya viwanja vya watoto vya nchi hiyo huanzia hapo.

Hofu ya wazazi ina msingi, tena si ndogo. Machimbo ya mchanga si mahali pa mtoto kabisa: kuta zake huporomoka bila onyo. Lundo la fundi lililokwishachanganywa na saruji huunguza ngozi. Paka hujisaidia mchangani, funza hupenda vumbi kavu, na mikono isiyonawa hupeleka mayai ya minyoo mdomoni. Dawa yake ni kumwekea mtoto mchanga wake. Madebe machache ya mchanga uliochekechwa, ndani ya tairi kuukuu la lori, yanatosha. Uwe na kina cha kuzamisha mkono, ufunikwe kwa turubai usiku, uanikwe juani mara kwa mara. Mchezo ukiisha, sabuni na maji. Anayetambaa asiachwe peke yake, ataula.

Weka makopo ya ukubwa tofauti, kijiko, kifuu na maji kidogo. Akikuita uonje wali wake, nenda. Muulize umeiva kwa muda gani, nani wengine wamealikwa, na kwa nini umeungua, kisha umwache ajibu mpaka amalize.