Maji yakituama shambani, mbolea inakwenda wapi?

Hapa kwetu Mlali, chini ya milima ya Uluguru, masika ni kuanzia Machi hadi Mei. Mvua zikizidi, maji hutuama katika mashamba ya bondeni. Tumekwisha tia mbolea ya chumvichumvi kwenye mahindi. Lakini maji yakisimama siku chache, majani ya chini yanageuka manjano. Hapo tunaanza kulaumu: "Mbolea hii ni ya bandia!"

Pengine mbolea ilikuwa nzuri. Imekwenda wapi, basi? Sehemu imechukuliwa na maji. Sehemu nyingine imechukuliwa na bakteria.

Bakteria ni viumbe wadogo mno, hawaonekani kwa macho. Wamejaa tele udongoni, nao wanapumua. Udongo ukiwa na matundu, hewa hupita, nao hutumia oksijeni kama sisi. Maji yakijaza matundu hayo, oksijeni huisha upesi.

Mtu angekufa. Bakteria wengi hawafi, bali hubadili namna ya kupumua. Hutumia oksijeni iliyofungwa ndani ya naitreti. Naitreti ni chakula cha mimea, kimo katika mbolea ya CAN. Mbolea za S/A na urea nazo hugeuka naitreti zikikaa katika udongo wenye hewa. Bakteria wakiichukua ile oksijeni, naitrojeni inayobaki hupanda hewani. Hatuioni, lakini ni fedha yetu inayopotea.

Bakteria wanajuaje?

Ndani ya kila bakteria mna maagizo ya kurithi, yaitwayo jeni. Wataalamu wamemchunguza sana bakteria mmoja wa tumboni, Escherichia coli. Ndani yake yumo kama mlinzi, aitwaye FNR, mwenye vichembe vya chuma. Oksijeni ikiwapo, vichembe hivyo huvunjika na mlinzi hawezi kazi. Oksijeni ikiisha, vichembe hukaa imara. Mlinzi huziamsha jeni za kupumua bila oksijeni. Naitreti ikiwapo pia, mlinzi mwingine huitambua, na jeni za kupumulia naitreti hufanya kazi kwa nguvu zaidi. Bakteria wengi wa udongoni wana walinzi wa namna hiyo.

Kwa nini basi hawatumii naitreti siku zote? Kwa sababu oksijeni huwapa nguvu zaidi. Hata sisi jikoni, kuni kavu zikiwapo, nani atapikia mabua?

Chakula nacho kina sehemu yake. Tukitia samadi mbichi katika udongo uliojaa maji, bakteria hushiba, huongezeka, na humaliza oksijeni haraka.

Tufanye nini?

1. Tuchimbe mifereji na kupanda juu ya matuta, ili maji yatoke na hewa iingie.

2. Tusitie mbolea ya kukuzia wakati maji yamesimama. Tuigawe, tuitie mara mbili, maji yakiwa yamepungua.

3. Samadi tuiache ioze vizuri kabla ya kuipeleka shambani.

4. Katika majaruba ya mpunga tusitumie CAN, kwa sababu ina naitreti tayari. Tutumie S/A au urea, na tuifukie ndani ya tope.

Mfereji unataka jembe na jasho tu. Mbolea inataka fedha. Tuanze kuchimba kabla masika hayajafika.