Msumeno wa Mkanda: Hela Iende Wapi Kwanza

Kabla hujamtuma kijana dukani kununua oili, jua kwanza mashine yako ni ya aina gani.

Misumeno midogo ya kukatia chuma haina pampu. Kichwa hushuka kwa uzito wake, na silinda ya haidroliki kazi yake ni kukizuia kisishuke kwa kasi. Oili yake ni kidogo, ya kupimwa kwa chupa. Ukiuziwa ndoo ya lita 20, umenunua akiba ya miaka. Misumeno mikubwa ina tangi, pampu na jiliwa linalobana kwa presha. Hapo ndoo ina maana, na lita moja moja ndiyo ghali.

Soma kibati au kitabu cha mashine. Mara nyingi utakuta 32 au 46, namba inayoonyesha uzito wa oili kwenye joto la nyuzi 40. Muuzaji akiishiwa atakusukumia 68, ya matingatinga. Usikubali kirahisi: ni nzito, na asubuhi za baridi za Mafinga au Njombe pampu itaivuta kwa taabu. Oili ya injini nayo haifai, hata ikiwa mpya. Imetengenezwa kushikilia uchafu na unyevu ndani yake, wakati tangi la haidroliki linataka maji yajitenge na kuzama chini. Oili chafu ya gereji ni rahisi kuliko zote, mpaka siku utakapolipia pampu.

Ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lililo wazi ina bei nzuri, lakini hujui vumbi na maji yaliyomo. Hela ikiwa ndogo, chukua dumu la lita 5 lenye lakiri. Hata hilo limimine kupitia chujio.

Filta ya wavu wa chuma huoshwa kwa mafuta ya taa ikarudishwa. Hapo huna haja ya kununua kitu. Ya karatasi haioshwi, hata fundi akiapa. Nenda dukani na ile ya zamani ilinganishwe uzi, kipenyo na urefu. Picha ya simu haitoshi.

Kichwa kikishuka kwa kushtukashtuka, usikimbilie kumwaga oili yote. Huenda ni hewa tu imeingia kwenye silinda: fungua vali, kipandishe na kukishusha mara kadhaa, kisha ongeza oili iliyopungua. Ukipuuza, meno ya mkanda yatang'oka, na mkanda mmoja mzuri unaweza kukugharimu kuliko dumu zima la oili.

Hela nyingi hupotea kwenye uvujaji. Tone moja kila sekunde laonekana dogo. Kwa zamu ya saa 8 ni karibu lita moja na nusu. Kwa zamu 14 hivi, ndoo ya lita 20 imekwisha sakafuni. Oringi ni ya bei ndogo, kazi ya kufungua silinda ndiyo ghali. Basi silinda ikishafunguliwa, badilisha sili zote, usilipie ufundi mara mbili. Mpira wa presha nao hutajiwa bei kwa mita, halafu viungo vya ncha mbili na kazi ya kuvibana vinakuja pembeni. Ulizia jumla. Na usitafute tundu kwa kidole. Presha hupenyeza oili ndani ya nyama. Tumia kipande cha boksi.

Usafi ni huduma rahisi kuliko zote, na kompresa ndiyo inayouharibu. Upepo husukumia chenga kwenye reli na sili. Zima umeme, shusha kichwa kikae, tumia brashi na kitambaa kisichotoa nyuzi. Sumaku iliyovishwa mfuko wa nailoni hukusanya chenga za chuma vizuri. Vua mfuko, zote zinadondoka. Mafuta ya taa yanatosha kwa grisi iliyoganda. Petroli usiilete karibu.

Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, pengine yale ya kupozea mkanda. Kuongeza mpya juu yake ni kupoteza zote mbili. Mwaga, safisha tangi, ziba njia ya maji, ndipo ujaze.

Fundi wa kuitwa akikupa bei, muulize mambo manne: nauli imo? Filta na oringi zimo? Oili ya kusuuzia tangi nani ananunua? VAT ya asilimia 18 imeshajumlishwa au itaongezwa kwenye risiti? Anayetaja ndogo kabla ya maswali hayo mara nyingi ndiye ghali baada yake.

Oili iliyotoka isimwagwe mtaroni. Iwekwe kwenye dumu lenye mfuniko. Wapo wanaopita karakana kuinunua. Fundi akikutoza hela ya kwenda kuitupa, muulize anamuuzia nani.