BANIANI NI NANI? TUIJUE DINI YA KIHINDU

Mwezi uliopita tulikuwa tunafundisha methali darasani. Tulipoandika ubaoni "Baniani mbaya, kiatu chake dawa", mtoto mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, Baniani ni nani? Na ubaya wake ni upi?" Sisi walimu tukatazamana. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, kumbe jibu hatuna.

Wiki ile ile mama mmoja akatuletea habari ya mwanawe aliyehamia Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Majirani zake ni watu waliotoka Bhutan. Walimkaribisha kwenye sikukuu yao, naye akawapelekea sufuria ya nyama ya ng'ombe. Walimshukuru, lakini sufuria ikabaki nje mlangoni. Kijana akarudi na hasira: "Wanatudharau! Mbona nyama ya mbuzi walikuwa wanakula?" Mama akatuuliza, "Walimu, mtoto wangu alikosa nini?" Basi tukatafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza majina. Mhindi ni mtu wa asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wako Wahindi Waislamu, Wakristo na Masingasinga. Pia wako Wahindu wasio Wahindi, kama wale wa Nepal na wa kisiwa cha Bali, Indonesia. Baniani ni jina ambalo watu wa pwani waliwapa Wahindu waliovuka bahari kuja kufanya biashara. Neno Hindu lenyewe limetokana na jina la mto Sindhu, ambao leo unaitwa Indus. Wahindu duniani ni zaidi ya bilioni 1. Huko India, sensa ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa karibu watu 80 katika kila 100 ni Wahindu.

Dini hii haina mwanzilishi mmoja. Maandiko yake ya zamani kabisa yanaitwa Veda, na watu waliyashika kwa moyo na kurithishana kwa mdomo muda mrefu kabla ya kuyaandika. Je, wanaabudu miungu mingi? Wahindu wengi husema chanzo cha vyote ni kimoja, wanakiita Brahman, na kwamba Vishnu, Shiva na Devi aliye mama ni sura zake. Wengine humshika mmoja wa hao kuwa ndiye Mungu mkuu. Hawasemi wote sawa.

Wanaamini kwamba kila tendo lina matunda yake. Hiyo ndiyo karma. Mtu akifa, roho huzaliwa tena katika mwili mwingine kulingana na matendo yake. Shabaha ni kutoka katika mzunguko huo na kuwa huru, na uhuru huo unaitwa moksha. Wajibu wa mtu kwa wazazi, jirani na viumbe wote unaitwa dharma.

Sasa ng'ombe. Wanamheshimu kama mama, maana anatoa maziwa na kulima shamba bila kudai kitu. Kumla ni kama kukosa shukrani. Wengine hawali nyama yoyote, wengine hula mbuzi na kuku. Ukimpelekea Mwislamu nguruwe, atakula? Basi ni hivyo hivyo.

Hatufichi na mabaya. Kwa muda mrefu watu walipangwa kwa matabaka ya kuzaliwa, na wengine wakaitwa wasioguswa. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilipiga marufuku jambo hilo, lakini ubaguzi haujaisha. Sisi tuliokimbia kwa sababu ya ukoo na kabila tunajua ubaya huo unavyouma.

Na majirani wale ni nani? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, makumi ya maelfu ya watu wa Bhutan wanaosema Kinepali, wengi wao Wahindu, walilazimika kuiacha nchi yao. Waliishi katika kambi za mashariki ya Nepal, kwenye vibanda vya mianzi. Kuanzia mwaka 2007, zaidi ya 100,000 walihamishiwa nchi 8, wengi wao Marekani. Sikukuu yao kubwa ni Dashain. Siku hiyo wazee huwapaka vijana kwenye paji la uso mchanganyiko wa mchele, maziwa ya mgando na rangi nyekundu, na kuwabariki.

Tulipomweleza yule mama, alimpigia mwanawe simu. Kijana akanunua ndizi na maembe, akagonga tena mlango ule. Mzee wa nyumba akamkalisha, akamwuliza, "Wewe kambini ulikaa miaka mingapi?" Wakahesabu pamoja, kila mtu miaka yake.

Wazazi, ongeeni na watoto jioni hii. Methali tutaendelea kuifundisha, ila sasa tutaanza na swali la yule mtoto.