Hoteli ya mtaani inapochelewesha sahani

Tarehe 27 Machi 2020 Kenya ilianza kutekeleza kafyu ya kuzuia kuenea kwa korona, ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Katika siku hizohizo hoteli za chakula zilizuiwa kuketisha wateja, zikabaki kuuza chakula cha kubeba tu. Mteja wa kila siku alikuta chapati zimekwisha mapema, bei imepanda, na mhudumu mmoja ndiye anayepokea maagizo, kufungasha na kuhakikisha pesa zimeingia kwenye simu. Wengi walikasirika na kusema huduma imeharibika. Hasira hiyo ilieleweka, lakini ilimwangukia asiyestahili, na huwaangukia wale wale kila janga linapotokea.

Tuanze na hesabu ya jikoni. Kodi ya pango haipungui wateja wakipungua. Leseni ya kaunti hulipwa vilevile na friji huendelea kula umeme. Tena mwenye duka la nguo akikosa mnunuzi leo, shati litamngoja hadi kesho. Mwenye hoteli hana nafasi hiyo, kwa kuwa ugali na sukuma wiki vilivyobaki jioni ni hasara iliyokwisha kutokea. Ndiyo maana wakati wa shida hupika kidogo kuliko zamani, na ndiyo maana mteja wa saa nane huambiwa maharage yamekwisha. Huo si uzembe, ni njia pekee ya kuepuka kumwaga mtaji jalalani. Hata serikali iliporuhusu hoteli zifunguliwe tena mwishoni mwa Aprili, wafanyakazi walitakiwa kupimwa kwanza na meza kutenganishwa. Viti vikapungua, pango likabaki palepale.

Wapo waliosema kwamba serikali ilikwisha kusaidia, kwa sababu Aprili 2020 kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Nafuu hiyo ilikuwa ya kweli, ila haikugawanyika sawa. Sheria ya Kenya humlazimu kujisajili kwa kodi hiyo mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka. Kibanda cha chakula kilicho chini ya kiwango hicho hakiwatozi wateja VAT, na mboga na unga wa mahindi ambavyo hununua kila asubuhi havikuwa vinatozwa kodi hiyo tangu mwanzo. Kwa hiyo msaada uliotangazwa kwa wote ulimpita kwa mbali mama anayepikia mafundi wa gereji, naye akabaki kuwategemea wateja wake.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaoamini kwamba soko liachwe lichuje, dhaifu waanguke na hodari wabaki. Ingekuwa sahihi kama janga lingepima uhodari. Kafyu haikuuliza nani anapika vizuri. Ilimwondolea mchoma nyama wa jioni karibu mauzo yake yote, ikamwachia muuza chai ya asubuhi sehemu kubwa ya yake. Na hoteli ikifungwa haianguki peke yake, kwa maana muuza mboga, mleta maziwa na kijana wa kukanda unga nao hupoteza riziki siku hiyo hiyo.

Mteja naye ameumia, na simwombi mtu atoe pesa asizo nazo. Ninachoomba hakina gharama kubwa: agiza mapema, kubali kilichopo sufuriani, vumilia dakika chache, na ukiwa na lalamiko mwambie mwenye hoteli uso kwa uso kabla ya kulisambaza kwenye makundi ya simu, ambako neno moja la hasira linaweza kumfukuzia wateja wiki nzima. Usafi ni suala jingine kabisa. Chakula kilicholala au maji machafu havistahili subira hata siku moja, kwa kuwa kuchelewa humsumbua mlaji lakini uchafu humlaza hospitalini.

Kubwa kuliko yote ni deni. Mwenye hoteli anayeandika jina lako daftarini amekukopesha bila riba kutoka kwenye pesa za kununulia unga wa kesho. Akikosa malipo yako na ya wenzako watano, kesho hapiki. Kama jina lako limo katika daftari hilo, lipa wiki hii, hata nusu, kabla hajalazimika kukuuliza.