Kompyuta isiyofuta ubao hutoa siri

NILIPOKUWA nikisoma uhamishoni Tanzania, karatasi ilikuwa mali. Mwalimu alituandikia mitihani nyuma ya fomu zilizokwisha kutumika. Siku moja niligeuza yangu nikakuta alama za kijana aliyefeli mwaka uliotangulia. Sikuiba siri hiyo, nilikabidhiwa.

Kisa hicho kilinirudia mwezi uliopita hapa Kyebando, Kampala, ninakofundisha tangu nirejee nyumbani. Kompyuta sita za shule yetu, zinazotumia Linux, hazijasasishwa tangu mwaka 2019. Ndani yake mna alama za watoto na namba za simu za wazazi.

Kila kompyuta ina kiini, yaani programu inayogawa kumbukumbu kwa programu nyingine. Kipande cha kumbukumbu kikiachwa hakijifuti. Kiini kikikichukua tena bila kukisafisha, kisha kikakitoa nje, mabaki ya mwenyewe wa awali hutoka nacho.

Oktoba 2020, Andy Nguyen wa Google alitangaza kasoro ya namna hiyo katika sehemu ya Bluetooth ya kiini cha Linux, akaiita BadChoice. Mtu aliye karibu aliweza kuiuliza kompyuta swali dogo bila nenosiri. Kiini kilijibu kwa fomu ya baiti 18, lakini kilijaza 2 tu. Zile 16 zilitoka na chochote kilichosalia humo. Kasoro hiyo ilikuwepo tangu toleo la 3.6 la mwaka 2012.

Utasema baiti 16 ni kitu gani? Ni kweli, hazitoshi hata jina refu la mtu. Lakini mabaki hayo yanaweza kumwonyesha mwizi mahali kiini kinapoweka vitu vyake. Nguyen aliiunganisha na kasoro nyingine, akaonyesha kuwa mashine inaweza kutekwa na mtu asiyeigusa.

Dawa yake ni rahisi: jaza sufuri kwanza, ndipo uandike. Marekebisho yalitolewa mwaka huohuo, lakini hayaifikii kompyuta isiyosasishwa.

Mwalimu mkuu aliniambia intaneti ni ghali, tusubiri muhula ujao. Nilizima Bluetooth katika zote sita, na Jumamosi nikazisasisha kwa pesa zangu.

Yule kijana hakujua kamwe kwamba nilizisoma alama zake. Nawe msomaji, kama shuleni au ofisini kwako kuna kompyuta za Linux, uliza zilisasishwa lini mara ya mwisho.